Nimefumua Kofia ya Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia mbio mbio kabla mjukuu wangu hajafika duniani, naomba unisaidie, na mwandiko ukikusumbua univumilie, shule mimi niliiacha mapema nikawa nabeba wadogo zangu mgongoni, lakini kufuma nilisoma mpaka nikamaliza, na huko kufuma ndiko kulikoniingiza kwenye shida hii ambayo sasa hata chakula hakipiti.

Mimi ni mama yake Shuvai, nakaa mtaa wa Sakubva hapa Mutare, na ukiuliza mtaani Mai Shuvai ni yupi watakwambia ni yule wa vitambaa. Nafuma vifuniko vya jagi vyenye shanga pembeni ili nzi asiingie kwenye maziwa, nafuma vitambaa vya makochi, cha redio, cha meza, nafuma shali za wazee na kofia za watoto na soksi zao, na sindano yangu ya ndoano huwa naichomeka kwenye kilemba, hata kanisani naenda nayo nikisahau. Miundo yangu siyo migumu, haiko kwenye karatasi, iko kwenye vidole. Kofia ya mtoto mchanga unaanza na vitanzi vichache, unavifunga pete, unazunguka huku unaongeza, ikifika upana wa kiganja na kidole gumba unaacha kuongeza, unateremka tu mpaka urefu wa kidole cha kati, umemaliza. Soksi naanzia na mnyororo mrefu kama kidole gumba, nauzunguka pande zote, inakuwa unyayo, kisha napanda. Hivyo tu. Watoto wengi sana wa mtaa huu wametoka kliniki na kofia yangu kichwani, na akina mama wenzangu wa ibada ya Alhamisi wanaijua kazi yangu kwa mbali, mtu anapita na mtoto mgongoni wanasema hiyo ni ya Mai Shuvai, tazama ilivyolala.

Basi Shuvai ni mwanangu wa kwanza na hii ni mimba yake ya kwanza, kwa hiyo kama ilivyo kwetu amekuja kujifungulia hapa nyumbani kwangu. Mume wake anaitwa Garikai, ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia, na muda mwingi yuko pale Chirundu kwenye foleni ya malori anasubiri kuvuka. Ni kijana wa adabu sana. Akija hapa anakaa chini karibu na mlango, anapiga makofi yake ya heshima taratibu, macho yake hayapandi kwangu na mimi yangu hayaendi kwake, nikitaka kujua kama ameshiba namuuliza mtu mwingine amuulize. Jina lake mimi silitamki mbele yake, leo nimeliandika kwa sababu wewe ni mshauri na unatakiwa kuelewa. Hajawahi kunikosea hata kidogo. Mbuzi wa mila ya mimba ya kwanza alileta, blanketi langu alileta, na kila akipita Harare anatuma kitu.

Sasa siku moja Shuvai alikuwa ameenda kliniki kupimwa, mimi nimekaa nje ukutani naota jua na wifi yangu Maidei, dada yake baba Shuvai, maana asubuhi za huku siku hizi ni baridi ya kukata masikio. Akaja mama mmoja anayetoka Harare na basi, akanipa mfuko, akasema umetoka kwa mkwe wako, ni wa mtoto. Akaenda zake, hakusema neno lingine. Nikafungua. Ndani kuna kofia na soksi za mtoto, uzi rangi ya kiini cha yai, laini, mshauri, laini ule uzi ambao ukiushika unataka kuuweka shavuni, hapa Mutare siku hizi huupati. Lakini kazi yenyewe, Mungu nisamehe. Kofia imeongezwa vitanzi mpaka pembeni imekunjamana kama jani la kabichi. Soksi moja ndogo imekazwa hata kidole hakipenyi, nyingine kubwa imelegea kabisa, huwezi kuamini zimezaliwa na mama mmoja. Na mwanzo wa uzi pale katikati ya kofia pana doa jeusi, na harufu kama ya dizeli.

Wifi yangu Maidei ndiye mwenye mdomo kwenye ukoo wetu. Akaichukua ile soksi kubwa akaiingiza mkononi akasema hii siyo soksi, huu ni mfuko wa kuchujia pombe, na ile kofia akasema mtoto akivikwa hii tutamtafuta ndani ya nyumba tusimwone. Nikacheka. Nikacheka sana mshauri, mpaka nikajifuta macho, na nikasema maneno ambayo sasa yananirudia kila nikikaa kimya. Nilisema aliyefuma hivi alishika sindano kwa mguu.

Lakini moyoni nilikuwa namwonea huruma mkwe wangu, nikaona maskini, ametapeliwa huko mpakani, wamemuuzia takataka kwa sababu ni mwanamume, hajui. Nikamwambia wifi, uzi huu ni mzuri mno kulala hivi. Na wewe unajua kazi yetu, kitu kilichofumwa ukikipata mwisho wa uzi ukavuta, chote kinakuja. Nikautafuta ule mwisho nikavuta. Wifi akashika kofia, mimi navuta, tunapiga hadithi, kofia inazunguka inapungua mpaka ikawa kama sarafu, ikawa hakuna. Nikafumua na soksi. Uzi wote nikauosha kwa sabuni ya unga, lile doa nikalisugua mpaka likatoka, nikauanika na jiwe chini ili unyooke. Shuvai aliporudi alikuwa amechoka akalala, na mimi sikumwambia kitu, nilitaka nimshtue kwa furaha. Uzi ulipokauka nikakaa nikafuma upya. Kofia ikatoka kama kikombe. Soksi pacha. Pembeni nikatia ukingo wa kombe kombe, wa mawimbi mawimbi. Kwa kweli sijawahi kufuma kitu kizuri kama kile, na nilikuwa namfumia mkwe wangu heshima, ili zawadi yake isichekwe na watu.

Nikamwita Shuvai nikaviweka mapajani mwake. Akaangalia, akasema vizuri, Mama, uzi huu umetoa wapi? Nikamwambia ni ule wa mume wako.

Akaigeuza kofia ndani nje. "Alizotuma ziko wapi?"

"Ndizo hizi. Nimezinyoosha."

"Umezinyoosha vipi, Mama?"

"Nimezifumua mwanangu, zilikuwa zimepinda. Wamemwibia kule."

Alishika tumbo lake kwa mikono miwili, nikadhani uchungu umeanza, nikasimama. Akasema, "Hakuna aliyemwibia. Alizifuma mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Garikai, Mama. Kwa mikono yake."

Mshauri, nilikaa chini. Akanieleza huku analia, na mimi nikasikiliza huku naiona ile kofia inavyopungua mkononi mwa wifi. Kumbe pale Chirundu kuna mama anayewauzia madereva mayai ya kuchemsha, na akiwa hana mteja anafuma. Mkwe wangu akamwomba amfundishe. Yule mama akacheka, akamwambia baba, vidole hivi ni vya usukani, lakini akamfundisha. Na wenzake wa foleni walimwandama, wakawa wanamwita Bibi, wanapita kwenye dirisha la lori wanasema Bibi habari za asubuhi, Bibi nifumie na mimi soksi miguu inaganda, na yeye anaendelea tu anahesabu vitanzi kwa sauti. Alianza na ile soksi ndogo, mkono ukiwa bado unaogopa. Ikaja ile kubwa. Kofia aliifumua na kuianza upya mara nyingi hata yule mama wa mayai akamwambia acha, inatosha, mtoto atakua bila kofia.

Na sababu ndiyo iliyonimaliza. Mama yake alifariki yeye akiwa anatambaa. Kwetu mtoto wa kwanza akija, nyanya wa huku anafuma na nyanya wa huko anafuma, wote wanaleta. Yeye alimwambia Shuvai, "Upande wangu hakuna mama. Basi upande wangu nitaufuma mimi." Na akamwambia asimwambie mtu, anaona haya kwangu, kwa sababu mimi ndiye Mai Shuvai wa vitambaa, aliogopa nitaona makosa.

Sasa hebu niambie.

Nilijaribu kurekebisha, mshauri, usidhani nilikaa tu. Nilifumua ile yangu nzuri nikasema nitairudisha ilivyokuwa, nimeiona kwa macho, naikumbuka. Lakini kukosea kumenishinda. Naongeza vitanzi makusudi ili ikunjamane, mkono unajirudi wenyewe unasawazisha. Nikafumba macho, ikatoka nzuri. Nikafuma kwa mkono wa kushoto, ikatoka mbaya, lakini mbaya yangu, siyo mbaya yake, yake ilikuwa mbaya kwa namna nyingine, ilikuwa kama mtu anayepanda mlima. Shuvai alikuwa ananiangalia akasema Mama acha, atajua. Nikaiacha. Nikafumua tena nikafuma ile nzuri, maana sikuweza kuacha uzi ukae bure, na sasa iko kabatini, kila nikifungua kabati inaniangalia.

Wifi Maidei anasema tatizo liko wapi, mwambieni panya ameingia kwenye mfuko. Anasema pia tangu lini mama mkwe akaomba radhi kwa mkwe? Mkwe ndiye mwenye deni la mahari nyumbani kwetu mpaka azeeke, ukimwomba radhi unampandisha kiti ambacho siyo chake, na kesho atakuja kukaa kwenye kochi na viatu. Na kwa kweli sijawahi kusikia kwa mama yangu wala kwa bibi yangu jambo kama hilo, kwamba mama mkwe amkosee mkwe halafu aende kusema nimekukosea. Nitasemea wapi na sisi hatuangaliani? Baba Shuvai nilimgusia kidogo, akasema mambo ya uzi ni yenu, akaendelea kula ugali wake wa sadza.

Lakini kinachonikosesha raha kuliko vyote ni Shuvai. Mume wake kila akipata mtandao anamwomba picha ya kofia, anataka kuwaonyesha wale wanaomwita Bibi. Shuvai akamjibu simu ina matatizo ya kamera. Akauliza tena, akamwambia nimeihifadhi mbali isichafuke. Juzi aliweka simu chini akaniambia, siyo kwa hasira, kwa sauti ndogo, "Mama, huyu mtu sijawahi kumdanganya. Nimeanza kwa ajili yako." Mshauri, mimi nimemlea mtoto huyu kwa kumwambia kwenye ndoa mdomo wako uwe mmoja, na sasa mimi ndiye ninayemfanya awe na miwili, akiwa na mtoto tumboni.

Na mkwe anakuja. Amepata siku za kupumzika, atafika wiki ijayo akae kwa kaka yake huko mtaa wa Dangamvura mpaka mtoto azaliwe, na amesema kitu kimoja tu anachoomba, kichwa cha mtoto kikifunikwa mara ya kwanza kifunikwe na ile kofia.

Nifanye nini? Nimpe ile nzuri niseme ilirekebika kidogo? Nikubali panya? Nitume watu wakaseme, na waseme nini? Na ukweli wa mwisho nikuambie wewe tu, hata kama ningejua mapema kwamba ameifuma yeye, sijui kama ningekubali mjukuu wangu atoke kliniki na jani la kabichi kichwani, wenzangu wa Alhamisi wote wakiwa getini wanaangalia. Ndiyo hivyo, nimesema.

Ni mimi mama mwenye wasiwasi,
Mai Shuvai, Sakubva.

*

Mai Shuvai,

Pole, na kwanza kula. Mjukuu anakuja, hatuna haja ya nyanya aliyekonda.

Pili, nikuambie kwamba barua yako niliisoma nikacheka mpaka pale kwenye mkono wa kushoto, halafu nikafika kwa Shuvai na simu yake, nikaacha kucheka. Kwa hiyo nitakusema, na wewe utanisikiliza, kwa sababu naona ni mtu wa kusikia.

Wewe ni fundi. Unaniambia wenzako wanaijua kazi yako kwa mbali, mtoto akipita mgongoni wanajua nani amefuma. Sasa ulishika mkononi soksi moja iliyokazwa kwa woga na nyingine iliyolegea, ukashika kofia yenye doa la grisi na harufu ya dizeli, na mkwe wako ni dereva wa lori, na bado hukuona? Kila mtu aliyeshika sindano anajua soksi mbili za namna hiyo zinasema nini. Zinasema huyu anajifunza. Mtu anayeuza hafumi hivyo, angekufa njaa. Macho yako yaliona, mama yangu, ila kicheko kilikuwa kimeshapanda, na mkono ulikuwa umeshapata mwisho wa uzi. Kitu cha mtoto kilichotumwa na baba yake kilipaswa kimngoje Shuvai arudi kutoka kliniki. Ungeinjika maji ya chai, yasingechemka kabla hajafika. Hukungoja.

Huruma yako naikubali, haikuwa ya uongo. Lakini sentensi yako ya mwisho, ile uliyosema unaniambia mimi tu, ndiyo barua yenyewe. Hukuokoa zawadi ya mkwe isichekwe. Uliokoa jina la Mai Shuvai wa vitambaa. Nakupenda kwa kulisema, wengi huwa wanalificha, ila sasa limeshasemwa na tulifanyie kazi.

Habari ya panya iishe leo. Wifi yako Maidei mwambie nimesema hivyo. Panya huyo atakula kofia, kesho atahitaji kula kitu kingine ili uongo wa kwanza usimame, na atakayemlisha siku zote ni Shuvai, kwenye nyumba yake, na mume wake. Ile nzuri nayo usimpe ukisema imerekebika kidogo. Mtu aliyeianza kofia upya mara nyingi kiasi kile anaijua kama unavyojua sura ya mwanao. Na kufuma mbaya ya kuiga, tafadhali. Hata ungefaulu ungekuwa umemwibia mara ya pili.

Sasa hili la kwamba mama mkwe haombi radhi. Mimi pia nimelelewa hukuhuku, nina wakwe wawili, mmoja hatujaangaliana usoni tangu alipooa, na ninampenda. Heshima yetu inakukataza kumkalia karibu na kumtania, inakukataza kumtazama machoni. Haikukatazi kusema nimekosa. Inakupa hata njia ya kusemea, maana shangazi wa binti yupo kwa kazi gani kama siyo kupeleka maneno mazito? Wifi Maidei alishika kofia wewe ukivuta. Basi na ujumbe aupeleke yeye, kwa mdomo uleule uliozungumza habari ya mfuko wa pombe. Atapiga makelele. Mwache apige, akimaliza atavaa kitambaa kichwani na kwenda, nawajua watu wa namna yake. Habari ya kupandishwa kiti asiogope, kijana anayekaa karibu na mlango kwa mapenzi yake hatahamia kwenye kochi kwa sababu ameambiwa ukweli.

Fanya hivi, na uanze kabla hajafika Dangamvura.

Leo mwambie Shuvai akupe nafasi ya kumaliza jambo, na asimjibu mumewe kitu kingine chochote juu ya kofia zaidi ya "shangazi atakuja kukueleza." Hilo siyo uongo. Binti ataanza kupumua.

Halafu fungua kabati, toa ile nzuri na soksi zake, ufumue zote. Najua. Kaa chini kwanza kama lazima. Siyo adhabu, ila uzi ule siyo wako na umbo ulilolitia halikuombwa. Uoshe, uuanike na jiwe kama ulivyofanya, ukikauka uuzungushe uwe donge zuri lisilo na fundo, ufundi wako utie hapo. Uliweke kwenye sinia, ulifunike na kitambaa chako bora kuliko vyote, kile usichouza, hicho kiwe cha mkwe, kiende naye kwenye lori. Mkwe akishafika kwa kaka yake, Maidei ampelekee, apige magoti, aseme maneno machache na asiongeze chumvi: mama amefumua kazi ya mikono yako bila kujua ni yako, amekosa, uzi wako huu hapa wote, anakuomba ufume tena, na anakuomba ufumie nyumbani kwake.

Ndiyo, nyumbani kwako. Ukutani, kwenye jua lile la asubuhi unalolisema. Wewe utakuwa jikoni na heshima yako nzima, yeye atakuwa nje na yake. Shuvai atakaa katikati na tumbo lake. Akikwama vitanzi atamuuliza Shuvai, Shuvai atakuja kukuuliza, na wewe utajibu ulichoulizwa, neno hilo tu. Usitume ukingo wa kombe kombe ambao hakuna aliyeutaka. Ukimsikia anahesabu vibaya, koroga sufuria. Ukisikia anafumua na kuanza tena, ongeza kuni, mpelekee viazi vya kuchemsha kupitia mtu, na ufunge mdomo.

Labda atakasirika kwanza. Ana haki hiyo, mpe siku zake, usimtumie watu kila saa kuuliza kama amesamehe. Na labda mtoto atakuja kabla kofia haijaisha, watoto hawangoji foleni. Ikiwa hivyo, mtoto avikwe kofia ya dukani, ile ya kawaida isiyo na mwenyewe, na zako zote zikae kabatini mpaka baba yake amalize. Zako atavaa siku nyingine, kichwa kipo, kinakua.

Nyanya wa upande wa huko hayupo, Mai Shuvai. Kijana amejaza nafasi ya mama yake kwa vidole vya usukani huku anaitwa Bibi na wanaume wenzake, na mtu pekee ambaye yeye alimwogopa duniani kote ni wewe, kwa sababu kazi yako anaiheshimu.

Kwa hiyo siku mtakayotoka kliniki utambeba wewe huyo mtoto, na kofia ya baba yake kichwani hata kama imekunjamana mpaka mabegani. Pita getini taratibu. Wenzako wa Alhamisi wataangalia, na mmoja wao atauliza nani amefuma kitu hiki. Usieleze habari ya foleni wala ya mpakani, wala usicheke. Simama, mjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mkwe wangu."